Mtumbwi wa Pombe wa Baba Yetu Rwechungura

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipomwomba Mama maji ya uvuguvugu ya kunawa miguu, naye aliporudi nayo akakuta umeshatutoka. Siku yenyewe ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa sita. Tangazo hili limechelewa siku kumi na mbili. Wewe ulikuwa ukifika kanisani kabla ya mpiga kengele, kwa hiyo tunaanza kwa kukuomba radhi. Tulikuwa na kazi moja ya kumaliza kwanza, na kazi yenyewe ilikuwa ya kwako.

Wanaosoma hapa wengi walikufahamu kama Mzee Respicius Rwechungura, karani wa zamani wa chama cha kahawa, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Pale kijijini Rwabitoke ukarani wako haukumshughulisha mtu. Ulikuwa Ta Rwechungura wa mtumbwi, ule wa kukanyagia ndizi za pombe, basi. Mgeni akiuliza njia aliambiwa afuate harufu ya ndizi mbivu.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiosha miguu kabla ya kukamua. Uliisugua kwa jiwe na gamba la mgomba mpaka visigino vikang'aa, kisha ukatunyooshea tukague, ukisema miguu yako ni misafi kuliko mikono ya mwenyekiti wa kijiji. Hukukubali kuingia mtumbwini siku uliyogombana na mtu. Mama anasema ndiyo maana mligombana mara chache, kwa kuwa ndizi zikishaiva shimoni hazimsubiri mtu anayenuna.

Tunakumbuka pia ulivyokuwa mkaidi. Mtama uliukaanga mwenyewe, ukautwanga mwenyewe, na mtu aliyekupa ushauri juu ya mtama ulimpa mchi aendelee yeye. Ukishafunika mtumbwi kwa majani ya mgomba ulikuwa ukitembea kwa kunyata hadi kesho yake, nasi tukikatazwa kupiga kelele, utadhani ndani mmelazwa mtoto mchanga.

Kila baada ya wiki mbili, kuanzia saa tisa alasiri, uani palijaa. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, haina subira. Siku ya kwanza ni tamu, ya pili na ya tatu ndiyo yenyewe, ya tano ni siki. Na mtumbwi wako ule mrefu haukubali mkungu mmoja wala miwili. Unataka mikungu minane au uachwe. Ndiyo sababu hakuna mtu anayeweza kukamua kwa ajili yake mwenyewe. "Ukiona mtu anakunywa peke yake, huyo ni mgonjwa, anakunywa dawa," ulikuwa ukisema. Mama alizoea maisha hayo kwa miaka arobaini na minne. Alilalamika kuhusu vibuyu vya kuosha, alilalamika kuhusu Ta Bamanyisa, jirani wa ng'ambo ya mpaka wa shamba, asiyejua kuaga, lakini siku mlipokuwa hamna pombe ni yeye aliyekuwa akitoka mara tatu kuangalia njiani.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuumiza, na hatutalizunguka.

Siku ulipozikwa, wazee waliuburuta mtumbwi hadi kando ya nyumba wakaulaza kifudifudi, kama inavyofanywa kwetu. Mtumbwi wa marehemu haugeuzwi wala haukanyagwi na mtu yeyote mpaka mrithi wake aje aukanyage wa kwanza. Na mpaka siku hiyo, jirani hakai uani pa marehemu. Kukaa pale huku mtumbwi umelala kifudifudi ni kumdai mjane pombe, na hakuna mwenye haya zake anayeweza kufanya hivyo. Jambo hili tumekua nalo, hatukufundishwa na mtu. Tulipanda basi tukalisahau.

Mrithi ni mwanao mkubwa, Novatus. Ukoo ulimkalisha kwenye kigoda chako, ukampa mkuki wako na kibuyu chako cha kunywea. Kesho yake asubuhi akawa na basi la kwenda Mwanza, kwenye duka lake la misumari na mabati. "Krismasi nakuja tunakanyaga," alimwambia Mama huku akifunga begi. Ikaja Krismasi, akatuma sukari na kanga. Ikaja Pasaka, akatuma simu mpya. Mimi Privata ninayeandika haya nilikuwa Dodoma na sababu zangu, ambazo leo nikizitazama sioni hata moja ya kukuandikia.

Mama hakumkumbusha mtu. Juzi tulipomuuliza kwa nini, alijibu, "Mrithi hakumbushwi. Nikipiga kelele akaja, atakuwa amekuja kunyamazisha kelele zangu. Hatakuwa amekuja kwa baba yake."

Basi akakaa. Kila Jumamosi alikata nyasi mbichi akazitandika sebuleni, kama alivyofanya siku zote. Zamani ilipofika Jumatatu nyasi zile zilikuwa zimelala na kusagika kwa miguu ya watu. Mwaka huu Jumamosi iliyofuata alizikuta vilevile alivyozitandika, zimekauka tu. Alizikusanya, akazipeleka kwa ng'ombe, akatandika nyingine. Kahawa ya kutafuna aliiweka kwenye kikapu chake kidogo mezani, tayari kwa mgeni, na kikapu kikaota vumbi.

Wanawake walipita baada ya misa kumsalimia. Walisimama pale mwisho wa ua, wakamuuliza habari za maumivu ya nyonga, wakamwachia papai au mayai, wakaenda. Hakuna aliyekaa. Mama akaanza kuwaza mawazo mabaya. Alijiambia kwamba watu wote wale, miaka yote ile, walikuja kwa ajili ya mtumbwi; na kama kulikuwa na mtu waliyempenda, alikuwa ni wewe; na yeye alikuwa mwosha vibuyu tu. Mawazo ya namna hiyo yakishaingia katika nyumba ya mtu mmoja hayana wa kuyafukuza.

Nilipompigia simu nilimuuliza, "Mama, wageni wapo?"

"Wapo, wamejaa! Ngoja niwaangalie, tutaongea kesho."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku mmoja anatetea. Hakukuwa na sauti nyingine. Nilimsikia yule kuku, Baba, na sikuuliza.

Mwezi wa tano ndizi zako za pombe zilikuwa zinaivia migombani, zinadondoka, zinaliwa na ndege. Mama alishindwa kuzitazama. Akakata mkungu mmoja, akachimba kishimo kidogo nyuma ya jiko, akaufukia kwa majani na moshi. Siku ya tano akafunga mlango wa mbele kwa komeo, saa nane mchana, kama mtu anayekwenda kutenda dhambi. Unajua mwanamke kwetu hakanyagi, na mtumbwi hangeweza kuugeuza hata kama angetaka. Alichukua beseni la kufulia. Akakamua kwa mikono na nyasi, kidogo kidogo, akatia mtama kwa kukadiria ulivyokuwa ukifanya, akafunika kwa jani moja.

Kesho yake ikawa tayari. Anasema ilikuwa nzuri, na katika jambo hili tunamwamini kwa sababu hana tabia ya kujisifu. Akamimina kikombe, kisha kwa mazoea akamimina cha pili. Akakaa mezani navyo. Alikunywa chake chote. Cha pili alikitazama mpaka inzi wakakizunguka, ndipo akakifunika kwa sahani.

Alasiri ile ndipo Ta Bamanyisa alipofika. Hakufika nyumbani. Alifika kwenye mlamula, ule mti wa mpaka wa mashamba yetu, akasimama ng'ambo, mkongojo mkononi, akaita.

"Ma Kokuhirwa! Kasinge, waitu."

"Kasinge, Ta Bamanyisa. Mbona unanisalimia kutoka kwenye majani kama mwizi wa kuku?"

"Nimesikia harufu."

"Harufu ya nini?"

"Shemeji, usinifanyie hivyo. Macho yamekwisha, goti limekwisha, nimebaki na pua tu. Nayo unataka kunipokonya?"

Mama akacheka. Anasema alishtuka kusikia sauti yake ikicheka. "Basi ingia uonje. Nimekamua beseni moja la kufulia, kwa mikono, mlango nimefunga. Baada ya siku tatu itakuwa siki."

Mzee akainua mguu, akaushusha palepale ulipokuwa. "Siwezi."

"Huwezi nini? Unaogopa nimetia sumu?"

"Ule mtumbwi pale si nauona umelala?"

"Hii si ya mtumbwi, ni ya beseni."

"Beseni la nani? La mke wa Rwechungura! Nikinywa hapo watanisemaje? Kwamba Bamanyisa alishindwa kumngoja mrithi, akamfuata mjane na kikombe?"

Mama akasogea karibu na mpaka. "Kwani mnamngoja?"

"Tunamngoja! Mwaka sasa. Wewe ulidhani tunafanya nini?"

"Nilidhani mlikuwa mnakuja kwa ajili ya pombe. Pombe ikaisha, mkaisha."

Ta Bamanyisa alikasirika, akapiga mkongojo chini. "Ma Kokuhirwa, nimekula chakula chako tangu Novatus hajaota meno, leo unaniita mtu wa pombe? Mimi kila siku napita hapa, naona mtumbwi umelala, nasema, haya, watoto wasomi wameufunga mji wa baba yao, hawatutaki tena. Mke wangu ananiuliza, 'Mbona huendi kwa shemeji?' Namwambia, 'Niende nikakae wapi? Palipofungwa?'"

"Sikufunga mimi."

"Na mimi sikukimbia."

Wakasimama hivyo, mmoja huku na mwingine kule. Yeye alikuwa na kiu na Mama alikuwa na pombe, na katikati kuna mti usiofika kifuani. Kisha mzee akageuka akaenda zake bila kuaga, kama kawaida yake. Siku ya tano Mama akaimwaga ile pombe kwenye shina la mgomba ulikokatwa ule mkungu.

Ta Bamanyisa hakulala kwenye jambo lile. Jioni ya siku ile ya mpakani, kwa simu ya mkewe, alimpata Novatus dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Weka shikamoo yako mfukoni. Nauliza, wewe ni mrithi au ni picha ya mrithi?"

"Mzee, biashara imebana..."

"Baba yako amekuachia kigoda, ukakikalia mara moja ukaondoka. Hata kuku akiatamia anakaa siku ishirini na moja!"

"Lakini Mama hajasema kama ana shida. Na simu mpya nilimtumia."

"Simu inakunywa rubisi? Simu inakaa uani? Mama yako anakamulia kwenye beseni la kufulia, Novatus. Peke yake. Anafunga mlango."

Novatus anasema hapo alikaa chini juu ya mfuko wa misumari. Alinipigia mimi. Kila mmoja wetu alingoja mwenzake aseme kitu cha kutupunguzia lawama.

Tulifika Rwabitoke siku tisa kabla ya misa ya kumbukumbu yako, iliyocheleweshwa ili ndizi ziive kwanza. Mama hakutugombeza, angetugombeza ingekuwa nafuu. Alitutandikia nyasi mpya akatuletea kahawa ya kutafuna, sisi watoto wake, kama wageni. Siku zile ndipo alipotuhadithia habari ya beseni, na habari ya kikombe cha pili, bila kututazama, huku akimenya ndizi.

Tuliugeuza mtumbwi watu watano. Mikungu minane ikaingia shimoni, na siku ya kukanyaga ilipofika Ta Bamanyisa alikuwa kwenye mlamula tangu asubuhi, bado upande wake, akielekeza kwa mkongojo.

"Osha tena!"

"Nimeosha mara tatu, mzee."

"Hivyo ni visigino au magome ya mti? Osha! Na hilo tumbo utaliingiza wapi, mtumbwi ni mwembamba!"

Novatus akainua mguu wa kulia akatia, akainua wa kushoto. Mzee alikuwa akitazama miguu tu. Ilipozama yote miwili kwenye ndizi akavuka mpaka, akaja moja kwa moja hadi pale Mama alipokuwa amesimama, akamshika mkono. Kisha akageuka kumfokea mwanao, ambaye alikuwa ameshateleza na kukaa kitako katikati ya ndizi.

Unataka kujua kama ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri sana, Baba. Alitia mtama kidogo. Siku ya kumbukumbu, baada ya misa, Novatus alikalia kigoda chako akavuta mrija wa kwanza mbele ya wazee, nao wakapokea kibuyu mmoja baada ya mwingine, wakatazama mbinguni. "Hii ni ya watoto wa kipaimara," Ta Bamanyisa akatoa hukumu. Watu wakacheka. Wakainywa yote, na machicha wakayauliza kama yapo. Walikaa tangu saa tisa, wakakusema sana, wakabishana ni mwaka gani ulianguka na baiskeli ukiwa umebeba ndizi, wakaimba. Wakapanga mbele ya Mama kwamba kuanzia sasa Ta Bamanyisa na wanawe watakuwa wakikanyaga kila baada ya wiki mbili, na Novatus atakuja kila baada ya miezi mitatu kukosea mwenyewe mpaka ajue. Nyasi za sebuleni zilisagika zote siku ileile.

Mama aliwahudumia. Alikuwa amevaa gauni lile la kijani ulilompenda nalo. Kisha nikaona vibuyu vinazunguka na yeye hayupo.

Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, analia bila sauti. Kelele za uani zilikuwa zinafika mpaka pale.

"Mama, watu wamejaa. Wanakuulizia."

"Nawasikia."

"Sasa unalia nini? Si ndio uliokuwa ukiwangoja?"

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Na mimi nilidhani hivyo. Mwaka mzima nilisema, hawa wakirudi moyo wangu utatulia. Leo wamerudi wote, Privata. Nimesimama pale mlangoni nikawaangalia mmoja mmoja wakiingia, mpaka wa mwisho. Hayumo."

Alinawa uso, akachukua kibuyu kilichojaa, akarudi uani kuwamiminia.

Anakukumbuka mke wako, Adventina Kokuhirwa. Wanakukumbuka watoto wako: Novatus, mrithi wako, na mkewe, mimi Privata na mume wangu, na Edesius, mdogo wetu, aliyeko masomoni nje ya nchi na ambaye alilia simuni tulipomwekea sauti za uani. Wanakukumbuka wajukuu wako kumi na mmoja, ndugu zako wa ukoo, na Ta Bamanyisa, ambaye ameagiza jina lake liandikwe miongoni mwa ndugu na asisikie mtu akimwita jirani.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Baba, uani pakiwa na watu na pasipokuwa na mtu.